Deni la Jumanne

Tulikaa watatu kwenye meza ya watu wanane,
ghorofani kwa akina Siu, mtaa wa Wachina, Lima,
chini ya taa nyekundu yenye vumbi la miaka
na kalenda ya mwaka juzi isiyobanduliwa.
Nje, ukungu wa Juni, ule usioamua kuwa mvua.
Ndani ya kabati la kioo bata wanne wananing'inia kwa shingo,
wanang'aa kama viatu vya bwana harusi.

Katikati ya meza, kioo cha duara kinachozunguka.
Akigusaye huwazungusha wenzake.

Wilfredo ndiye aliyeagiza, kwa kuwa ndiye mkubwa
na ndiye anayetaka nyumba ya mama iuzwe:
wali wa kukaanga, tambi, kuku wa tangawizi,
supu bakuli kubwa, soda ya manjano chupa nzima.
Nélida alisema hana njaa.
Nélida husema hana njaa, kisha hula ya wote.

Kaka akasukuma kioo; kuku akampita dada,
uma wake tayari uko hewani.
Dada akakirudisha; tambi zikamkimbia kaka.
Mimi, kitindamimba, niliambulia chupa ya mchuzi wa soya,
mara tatu, ile ile, imesimama mbele yangu
kama mgeni asiyejua kuwa karamu imekwisha.
"Ngazi zile zimeoza," Wilfredo, akizungusha.
"Zilioza ukiwa wapi?" Nélida, akizungusha.
Watoto wa meza ya jirani wakaacha kula, wakatutazama.

Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.
Sawa.
Lakini methali haikusema lolote juu ya mzaliwa nawe
anayekutazama juu ya bakuli
kama anayehesabu matofali.

Ndipo Rosalina Siu akaja, miwani ikibembea kwa kamba,
na sahani ndogo: wantani sita za kukaanga,
na mchuzi wa ukwaju.
"Hatukuagiza hizi," akasema Wilfredo.
"Ni za mama yenu. Za Jumanne."
Jumanne gani?
"Kila Jumanne. Saa tano, kabla wateja hawajajaa.
Peke yake, pale karibu na jiko.
Alisema daktari amemkataza mafuta,
kwa hiyo nisimwambie mtu."

Tulikuwa tukimtumia fedha za dawa ya presha.
Mimi nilimtumia shayiri. Kila mwezi, kifuko cha shayiri
na barua ya kumsihi aile.

Rosalina akafungua daftari la shule.
Jina la mama kwa kalamu ya risasi, vijistari kando yake,
chini kabisa: soli thelathini na nane na nusu.
"Sikuja kudai," akasema. "Nimekuja kuuliza kama nifute."
"Usifute!"
Tulisema kwa mpigo mmoja, kwa mara ya kwanza tangu mazishi,
kwa sauti iliyomfanya arudi nyuma hatua moja.

Wilfredo akatoa pochi. Nélida akamshika mkono.
Mimi nikamwaga sarafu kwenye kitambaa cha meza.
Thelathini na nane na nusu kwa watatu haigawanyiki.
Tulizibishania senti zilizobaki kuliko tulivyoibishania nyumba,
kila mmoja akitaka zihesabiwe kwake.
Wakili hakuhitajika. Urithi ule tuliugombea
kwa kutaka kulipa.

Kisha wantani. Mbili mbili.
Hakuna aliyegusa kioo; tulinyoosha mikono tu,
viwiko ndani ya supu ya wenzetu.
Zilikuwa zimeanza kupoa. Zilivunjika kwa kelele
ambazo mama lazima alizisikia, pale karibu na jiko,
akageuka kuangalia kama kuna anayemjua.

Nyumba tutaiuza, nadhani. Ngazi zimeoza kweli.

Jumanne nina kazi mpaka saa kumi.
Nimeomba ruhusa.